Pasi Arobaini na Friji Moja

Nilipewa kazi ya kuhesabu stima ya kijiji ambacho hakijajengwa. Barua ilisema hivyo kwa maneno marefu zaidi, lakini maana ilikuwa hiyo. Kijiji chetu cha zamani kiko ukingoni mwa Tana, upande wa Idsowe, na mto umekiingia mara nyingi hadi kuta zina mistari ya maji, mmoja juu ya mwingine, na wenyewe wanajua kila mstari ni wa mafuriko gani. Safari ya mwisho mto uliondoka na kuta zenyewe za nyumba kadhaa. Ndipo serikali na wafadhili walipokubaliana, jambo ambalo si la kila siku, kwamba tuhamie kule juu, kwenye uwanda ulioinuka kando ya barabara ya Malindi, kabla hujafika Tarasaa. Tuliambiwa kijiji kipya kitakuwa na shule, zahanati, bomba la maji na stima ya jua tangu siku ya kwanza. Watu walipiga makofi. Sisi hupiga makofi mapema, isije ikasemwa baadaye kwamba hatukushukuru.

Mimi ni fundi wa umeme. Nina kibanda Garsen ninakotengeneza redio, feni na chaja, na nikiitwa ninapanda juu ya mabati kufunga sola. Mwanamke akiwa juu ya bati, watu wote hupata shughuli ya kupita njia hiyo, nimezoea. Nilichaguliwa kwa kazi hii kwa sababu ninajua wati ni nini, na kwa sababu ni mzaliwa wa pale. Injinia wa mradi alikuwa mtu wa Nairobi, mpole, mwenye kofia pana, na alihitaji mtu wa kumwambia nyumba ipi ina mbwa.

Stima ya jua si kama ile ya nguzo. Ile ya nguzo ukiongeza pasi, shauri lao huko inakotoka. Ya jua lazima ujue mapema nani atawasha nini, kwa saa ngapi, mchana au usiku, ndipo upange paneli na betri. Ukihesabu pungufu, kijiji kinaingia giza kabla watu hawajamaliza kula. Ukizidisha, unachora mtambo ambao hakuna mfadhili atakayeutazama mara mbili. Kwa hivyo tulikuwa na fomu. Kila nyumba fomu moja, kila fomu safu kumi na moja: taa, simu, redio, tivii, feni, pasi, na kuendelea. Kazi yangu ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba, kuuliza, na kuandika nitakachoambiwa. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana niliandika nilichoambiwa.

Baba yangu alikuwa katibu wa kamati ya kuhama. Kabla ya hapo alikuwa katibu wa kamati ya mafuriko, na kabla ya hapo katibu wa kamati ya ukame. Kwetu kamati hubadilika jina, katibu habadiliki. Ana mwandiko ambao naibu wa chifu mwenyewe huuonea wivu, na ana kanuni moja aliyoipata kwenye chakula cha msaada: ukiandika watu sita, kinakuja chakula cha watatu. Anayekata humjui ni nani wala yuko ofisi gani, lakini hukata, tena nusu. Kwa hivyo baba huandika kumi na wawili. Kwake huo si uongo, ni kurudisha mambo mahali pake. Kuna orodha moja ya zamani ambamo mimi nilikuwa dada watatu, na mmoja wetu alikuwa mjamzito. Tulikula, sikatai. Watoto wengi wa kijiji chetu walilala wameshiba kwa sababu ya kalamu ya baba yangu, na wao wenyewe hawajui.

Nilichokuwa sijui ni kwamba kila asubuhi, kabla sijafika na fomu zangu, baba alikuwa amekwisha pita na baiskeli yake kutoa ushauri.

Nyumba ya kwanza walisema wana pasi mbili. Nikaandika. Nyumba ya pili walisema pasi mbili, feni nne na friji. Nikachungulia ndani: kulikuwa na kitanda, jembe, na kuku aliyekuwa ameatamia. "Tutanunua tukishahamia," mwenye nyumba akaniambia, bila hata kupepesa macho. Nyumba ya tatu walikuwa na tivii tatu, moja ya wageni. Mimi ninakijua kile kijiji. Kina pasi mbili, zote za makaa, na moja haina mfuniko. Mzee mmoja jirani yetu, ambaye kichwa chake hakijaona unywele tangu mimi niko shule ya msingi, alidai mashine ya kukausha nywele. Nilimtazama. Naye akanitazama.

"Andika," akasema, kwa sauti ya mtu aliyefundishwa.

Siku ya tatu nilifanya jumla. Tulikuwa na pasi arobaini. Jamani, hata tungenyoosha nguo za Garsen nzima, pasi nyingine zingekaa bure.

Upande wa pili wa uwanda kuna maboma ya Waorma, na kwa vile waya zingewapitia, nao waliwekwa kwenye hesabu. Huko baba hakufika, au alifika hawakumsikiliza, maana wao wana kanuni yao, na inaenda kinyume na yetu. Mtu hataji idadi ya ng'ombe wake mbele ya watu. Mama mmoja wa huko ninamfahamu vizuri. Kila asubuhi huleta maziwa Garsen kwa pikipiki, madumu yamefungwa mpaka dereva haonekani. Alinikaribisha kwa chai ya maziwa matupu, tukaanza fomu.

"Mama, mna ng'ombe wangapi?"

"Wapo."

"Na maziwa kwa siku?"

"Kidogo tu. Ya watoto."

"Mngependa mashine ya kupoza maziwa yasiharibike?"

"Kama ipo."

Nikaandika: kidogo, kama ipo. Baadaye injinia aliniuliza kidogo ni lita ngapi, nikamwambia hata mimi nangoja kujua.

Sasa, safu ya kumi na moja. Niliiacha mwisho kila mahali, na sababu nitaieleza. Iliuliza hivi: je, nyumba hii ina mgonjwa anayetumia dawa inayohitaji kuwekwa kwenye baridi? Swali hilo lilikuwa na maana kubwa kwenye mchoro. Zahanati mpya ilipangiwa stima ya mchana tu, kwa sababu chanjo huletwa kutoka Garsen kwa kisanduku cha barafu na kurudishwa jioni. Friji ya kukaa inawaka usiku na mchana inahitaji betri zake peke yake, na hizo haziwekwi ila kuwe na watu wa kuzitumia. Watu hao ndio wangeonekana kwenye safu ya kumi na moja.

Hawakuonekana. Kijiji kile kile chenye pasi arobaini hakikuwa na mgonjwa hata mmoja. Nyumba kwa nyumba nilijibiwa "hakuna", "tuko salama", "Mungu ametuweka". Mtu anakohoa akikwambia hayo. Sijapata kuona afya ya namna ile. Kumbe vitu unaongeza, lakini ugonjwa unafuta. Hilo halikuhitaji baba kupita na baiskeli, kila mtu alikuwa analijua tumboni.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya baba. Alikuwa amenitayarishia kiti, na majibu yake yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi, kwa ule mwandiko wake, nisipate taabu. Pasi mbili. Tivii. Feni tano. Eyakondishena, ambayo alikuwa ameiandika vizuri kuliko mimi ninavyoweza. Anaishi peke yake kwenye vyumba viwili.

"Safu ya kumi na moja," nikasema.

"Weka sifuri."

"Baba."

"Weka sifuri, mama."

Huniita mama akiwa ananibembeleza, na pia akiwa anataka ninyamaze. Nikaweka sifuri. Nilijichukia wakati ule ule, kabla wino haujakauka, na ninajichukia bado ninapokumbuka.

Baba ana sukari. Alipimwa Malindi, na tangu hapo anajidunga insulini asubuhi na jioni, na anayejua ni mimi tu. Dawa huiweka mvunguni mwa kitanda, ndani ya chungu kidogo kilichokaa ndani ya chungu kikubwa, na katikati kuna mchanga anaoulowesha maji. Kwenye nyumba ya makuti, karibu na mto, chungu hicho kinafanya kazi, si haba. Ila siku za kiangazi kikali dawa hupata joto, na uovu wake ni kwamba haibadiliki rangi. Unajidunga ukidhani umepona, kumbe umejidunga maji. Mwaka jana alianguka shambani kwenye migomba, nikamkuta ananiita kwa jina la shangazi yangu. Tulimpeleka Garsen kwa pikipiki, mimi nimemshika kwa nyuma. Kijiji kiliambiwa ni malaria, na kikaridhika. Chai isiyo na sukari anaisingizia jino. Jino hilo sasa lina miaka miwili linauma.

Nilimuuliza mara nyingi kwa nini anaficha. Alinijibu mara moja tu.

"Ukijulikana una sukari, watu wanaacha kukuuliza maoni yako. Wanaanza kukuuliza kama umekula."

Sikumuuliza tena, kwa sababu ni kweli.

Kule juu kuna nyumba ya mfano. Wajenzi waliisimamisha ili watu waione: mawe mazuri, bati jekundu, dirisha la kioo, na hakuna mti wala upepo wa mto. Siku moja nilichukua chungu kama cha baba, nikalowesha mchanga, nikaweka ndani kipimajoto cha friji kutoka kibandani kwangu, nikakiacha mvunguni mwa kitanda cha maonyesho. Saa nane mchana nilirudi. Mshale ulikuwa umepita sehemu ya kijani, umepita na mstari mwekundu, umeegemea mwisho kabisa. Nilikaa sakafuni pale nikauangalia. Nilikuwa nimeona mafuriko mawili na sikuwahi kuogopa vile. Tulikuwa tunamtoa baba kwenye maji yasimuue, tumpeleke mahali pa kufa kwa joto, na mimi ndiye niliyepewa kofia ya mradi.

Injinia aliporudi kutoka Nairobi alikuwa na mchoro. Aliukunjua juu ya boneti ya gari, akaweka mawe kwenye pembe nne.

"Kuna kitu sielewi," alisema. "Kwa mahitaji haya, paneli zinafunika uwanja wa mpira, shule, na sehemu kubwa ya makaburi."

"Makaburi yapi? Bado hatujahamia."

"Yaliyotengwa."

Nikatazama. Ni kweli, tulikuwa tumekwisha jaza makaburi kwa ajili ya pasi. Aliniuliza kama watu wa kwetu wanapenda sana kunyoosha nguo. Nikamwambia wanapenda wastani. Akanieleza, kwa upole wake ule unaokera, kwamba mtambo wa ukubwa huo hauwezekani, kwa hivyo wenzake wameanza kupunguza, na wameanza na vitu visivyo na mtumiaji. Kidole chake kikatua kwenye zahanati. Friji ya usiku na mchana, iliyowekewa nafasi ikingoja safu ya kumi na moja, ilikuwa imechorwa msalaba.

"Hiyo hapana," nikasema.

"Safu ya kumi na moja ni sifuri tupu."

"Nakwambia hiyo hapana! Toa pasi. Toa feni. Toa zote!"

"Wewe ndiye uliyeandika sifuri," akasema.

Lo! Nilitaka kumpiga na kofia yake. Lakini nilikuwa nimeziandika mimi, moja moja, kwa kalamu yangu. Nikamwambia ukweli nusu: kwamba watu waliongeza, ni mazoea ya chakula cha msaada, na kwamba kama tukiwakusanya wakarekebisha kila kitu, pasi zitaisha na friji itapata nafasi. Alifikiri, akakubali. Alhamisi mchana angefunga hesabu na kuondoka nayo. Kitakachokuwa kwenye karatasi siku hiyo ndicho kitakachojengwa. Kuhusu friji alikuwa wazi: hata kama nafasi ikipatikana, kwa sifuri hawezi kuweka betri.

Nilikwenda kwa baba jioni ile ile, jua bado lipo. Nilimkuta anapanga karatasi za mkutano. Nikamweleza makaburi, pasi na msalaba. Nikamweleza kipimajoto, hadi mshale ulipoishia. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama injinia ameleta mhuri.

"Baba, utakufa kwa ajili ya pasi!"

"Punguza sauti."

"Sema una sukari, ama nitasema mimi."

Akaweka kalamu chini. "Mimi nimeandika watu wa kijiji hiki miaka yote," alisema. "Nimewaandika wajane, nimewaandika mayatima, nimeandika hata waliokufa wakala wakiwa wamekufa. Lakini sijawahi kumwandika mtu jambo ambalo hakutaka liandikwe. Ukinisema mbele za watu, usinijie tena hapa."

Nikatoka bila kuaga. Ni vibaya, najua. Nililia mpaka nikafika barabarani, halafu nikanyamaza kwa sababu kulikuwa na wateja wangu wanangoja magari pale.

Alhamisi tulikusanyika darasani, shule ya zamani, lile darasa ambalo paa lake lilibaki. Watu wazima walikaa kwenye madawati ya darasa la tatu, magoti yakiwa karibu na masikio. Mimi nilikaa meza ya mwalimu na karatasi kubwa na kalamu. Baba alisimama kando yangu na orodha, kwa sababu yeye ndiye katibu, na hakunitazama. Injinia alivua kofia, akaeleza makaburi. Hapo watu walishtuka kweli. Kusikia kwamba pasi yako isiyokuwepo imekalia kaburi lako ambalo bado hulihitaji, ni jambo linalomwingia mtu.

Baba akaanza kusoma, nyumba moja baada ya nyingine, kwa sauti yake ya mkutano. Nyumba inatajwa, mwenyewe anasimama, anafuta. Pasi mbili, futa. Feni nne, acha moja. Tivii ya wageni, futa, wageni watatazama ile ile. Ilikwenda haraka kuliko nilivyotegemea, na watu walianza kufurahi, kila mmoja akimcheka mwenzake. Ilipofika mashine ya kukausha nywele, darasa zima liligeuka. Yule mzee akasimama, akapitisha mkono kichwani taratibu kutoka mbele hadi nyuma.

"Futa," akasema. "Ila nilikuwa na matumaini."

Baba alifuta eyakondishena yake mwenyewe bila kubadilisha sauti. Waorma walipoitwa, yule mama wa maziwa alisimama akasema ng'ombe wapo. Injinia akafungua kinywa, nikamzuia kwa mkono. Asubuhi ile nilikuwa nimekwenda stendi ya pikipiki Garsen nikahesabu madumu matupu yanayorudi. Nikasoma lita bila kutaja ng'ombe hata mmoja. Mama aliangalia dirishani.

"Madumu ni hayo," akasema, akakaa.

Mashine ya maziwa ikaingia. Pasi zikabaki tano, na hizo tano nikaziacha, maana binadamu lazima awe na ndoto. Injinia alipiga hesabu kwenye simu yake, akatabasamu. Paneli zilikuwa zimerudi hadi pembeni mwa uwanja wa mpira, na nafasi ya friji ilikuwepo.

"Safu ya mwisho," akasema. "Wagonjwa wenye dawa ya baridi. Ipo nyumba ya kurekebisha?"

Madawati yaliyokuwa yanalia muda wote yaliacha kulia. Mtu akakohoa, akajizuia katikati. Nilitazama karatasi. Nilikuwa na kalamu mkononi, na nilikuwa nimeamua: potelea mbali, nitamsema, asinipokee tena kwake, asinizike, lakini awe hai wakati ananikasirikia. Nikavuta pumzi.

"Andika wanane," baba akasema.

Nikageuka. Alikuwa ameshika orodha kama anasoma, lakini hapakuwa na kitu cha kusoma.

"Wanane," injinia akasema. "Vizuri. Ni nani na nani?"

"Wapo."

"Mzee, leo tunaandika walio kweli. Nahitaji nyumba."

Baba alitazama madawati. Alitafuta uso mmoja wa kumsaidia, na kila aliyemtazama aliinama kutafuta kitu chini. Watu aliowaandika maisha yake yote. Nilimwonea huruma. Nikaanza kusimama, akaweka mkono begani mwangu, akanikalisha.

"Mmoja ni mimi," akasema. "Nina sukari. Huu mwaka wa pili. Najidunga sindano."

Hakuna aliyecheka. Kutoka nyuma, yule mama wa maziwa akasema, "Pole, mzee." Mtu wa dawati la mbele akasimama haraka akamsogezea nafasi yake.

"Keti, mzee. Umekula?"

"Sijafa," baba akasema. "Kaa chini."

Injinia alisafisha koo. "Na hao saba wengine?"

"Hao niliongeza."

Injinia akachukua kalamu yake, akaniashiria nifute ile namba nane niliyokuwa nimeanza kuiandika. Nikafuta. Baba aliitazama kalamu ikipita, na nikaona mabega yake yakishuka. Nilielewa anafikiri nini, kwa sababu nimekulia ndani ya hesabu yake. Amejianika mbele ya kijiji kizima, na kilichobaki kwenye karatasi ni mtu mmoja, na mtu mmoja hajawahi kufika popote.

"Sasa huyu mmoja," akamuuliza injinia polepole, "mkishamkata nusu, anabaki nini?"

"Kumkata kivipi?"

"Huko mnakopeleka karatasi. Mkimkata."

Injinia alinitazama mimi.

"Hakatwi, mzee," akasema. "Friji haijui nusu. Ikiwaka kwa ajili ya mtu mmoja, imewaka. Mmoja anatosha."

Nje mtu alipita na mkokoteni wa maji, tukausikia hadi ukapotea.

"Rudia," akasema.

"Mmoja anatosha."

"Unaweza kuiandika hiyo, utie sahihi?"

Injinia akaiandika pembeni mwa karatasi, akatia sahihi, na tarehe. Baba aliisoma akiwa ameinama, kidole chini ya kila neno, yeye ambaye husoma karatasi ya watu mia kwa kuitupia jicho. Kisha akanigeukia na kuanza kunitajia jina lake, na la baba yake, na la babu yake, taratibu, herufi kwa herufi, kama anavyowatajia makarani wageni. Nikayaandika yote matatu. Macho yalikuwa yamenijaa na mstari ulipinda, na hakusema lolote kuhusu mwandiko wangu. Nilipofika kwenye kisanduku cha idadi, alizunguka meza akasimama nyuma yangu kabisa, nikamsikia anavyopumua.

"Usiongeze," akaniambia.